Maswali ya Wasomaji: Umeme wa ubongo na usonji

SWALI: Mwanangu ana miaka 5 na ana usonji. Daktari ametuandikia kipimo cha EEG, kinachorekodi umeme wa ubongo. Je, kitaonyesha usonji wake ni mkubwa kiasi gani? Na atakubalije kuvishwa kofia ya kipimo hicho, ikiwa hata kuchanwa nywele hataki?

JIBU: Hapana, mama. Usonji hutambuliwa kwa kuangalia jinsi mtoto anavyowasiliana, anavyocheza na anavyotenda. EEG huagizwa hasa daktari anaposhuku kifafa, ambacho huwapata watu wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watu wengine: mtoto anaganda ghafla na haitiki akiitwa, au anashtukashtuka usingizini. Muulize daktari anatafuta nini hasa. Ni haki yako kujua.

Maandalizi ya kofia yaanze nyumbani wiki mbili kabla. Tumia kofia ya kuogelea inayobana kidogo: sekunde 10 siku ya kwanza, huku akifanya kitu anachokipenda, kisha uongeze taratibu hadi dakika 20. Akiivua, usimlazimishe, siku hiyo imeishia hapo. Mzoeshe pia kusuguliwa kichwani kwa pamba yenye maji, kwa sababu mpimaji atasugua ngozi kila mahali panapokaa elektrodi, yaani kidude kinachonasa umeme wa ubongo, na hapo ndipo watoto wengi hushindwa kuvumilia. Usiku wa kuamkia kipimo mwoshe nywele kwa shampuu peke yake. Mafuta huizuia jeli ya elektrodi kushika ngozi, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) hupanda juu ya kiloomu 5 zinazolengwa kwa vifaa vingi, na mchoro hujaa vurugu. Nywele zilizosukwa zifumuliwe. Dawa za kifafa aendelee nazo isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Ukiambiwa umcheleweshe kulala, fanya hivyo: dalili za kifafa hujitokeza zaidi mtu akiwa usingizini.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nimelinganisha EEG za watoto wenye usonji na wasio nao. Wenye usonji wana nguvu kubwa zaidi ya mawimbi kuanzia mizunguko 30 kwa sekunde. Naweza kuandika kwamba ubongo wao unatofautiana?

JIBU: Usiandike bado. Mawimbi ya ubongo yanayofika juu ya ngozi huwa kama mikrovolti 10 hadi 100, na yale ya kasi ni madogo zaidi. Mtoto aliyekaza taya kwa wasiwasi hutoa umeme wa misuli unaoyafunika kabisa, tangu mizunguko 20 kwenda juu. Chora ramani ya kichwa: nguvu ikijikusanya pembeni, kwenye T7 na T8, elektrodi za juu ya masikio, shuku misuli kwanza. Kilele chembamba kwenye mizunguko 50 au 60 ni umeme wa jengo.

Kisha hesabu sekunde safi zilizobaki kwa kila mtoto. Anayetikisika sana hupoteza data nyingi, na ukitafuta wastani, vurugu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipande vya rekodi: vipande 100 huishusha mara 10, vipande 25 mara 5 tu. Vikiwa vichache, kilele huonekana kirefu kuliko kilivyo, na tofauti ya uongo huzaliwa hapo. Chagua kwa bahati nasibu idadi sawa ya vipande kwa kila mtoto. Linganisha umri pia kwa uangalifu, kwani mdundo wa kisogoni hukua kutoka mizunguko 8 hivi kwa sekunde katika miaka 3 hadi karibu 10 katika miaka 10.

Hata kipimo kinachotumainiwa zaidi, N170, yaani mwitiko wa ubongo unaokuja takriban milisekunde 170 baada ya kuona uso, hakijafikia kiwango cha kutambua usonji. Tafiti kadhaa zimeukuta ukichelewa kwa wenye usonji, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliupokea katika mpango wake wa kuhakiki viashiria, ili usaidie kupanga washiriki wa tafiti katika makundi. Kumtambua mtoto mmojammoja hauwezi, kwa kuwa vipimo vya makundi hayo mawili hupishana sana.

Mwisho, andika waziwazi ni watoto wangapi waliikataa kofia. Mara nyingi hao ndio wasiozungumza na wanaohitaji msaada mwingi zaidi, na matokeo yako hayawasemei.