Muulize Fundi: Jiko zito la moshi, niagize au nichomeleshe hapa?

SUALI: Assalaam alaykum, Fundi. Nina mkahawa mdogo Paje. Wageni wananiuliza nyama ya moshi ya Kimarekani, ile inayopikwa kutwa nzima, na mimi mwenyewe nataka kuuza jodari wa moshi. Nimeona majiko ya chuma kizito yanauzwa Marekani, ila gharama ya kuyasafirisha inanitisha. Kijana mmoja hapa anasema atanitengenezea kwa pipa la mafuta kwa bei rahisi sana. Nifanye lipi? – Msomaji, Paje

JAWABU: Waalaykumussalaam, dada yangu. Usiagize, na pipa usilikubali. Chomelesha hapa hapa Unguja, lakini kwa chuma cha milimita 6.

Hilo jiko la Kimarekani uliloliona, la namna ya Texas, lina vyumba viwili. Moto unakaa kwenye sanduku la pembeni, haukai chini ya nyama. Joto na moshi vinaingia chumba cha kupikia, vinapita juu ya nyama na kutokea kwenye dohani upande wa pili. Humo ndani unataka nyuzi joto 110 hadi 120 tu, na kidari cha ng'ombe kinaweza kukaa muda wa saa 12 au zaidi, mpaka katikati yake kifike nyuzi 95 hivi na zile kano ngumu zilainike. Kwa kazi ndefu kama hiyo pipa halikufai. Chuma chake hakifiki milimita moja na nusu. Ukifunua kifuniko joto linakimbia, ukitia gogo linapanda ghafla, na baada ya muda sanduku la moto linapinda. Chuma kizito kinatunza joto kama kuta za mawe za Mji Mkongwe, usiku bado unalikuta la mchana.

Sasa piga hesabu nami. Mita moja ya mraba ya pleti, yaani bamba la chuma, ya unene wa milimita 6 ina kilo 47. Chumba cha duara chenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa sentimita 120, pamoja na vifuniko vya ncha zote mbili, kinakula kilo 107. Sanduku la moto la sentimita 45 kila upande ni kilo 57. Tia miguu, wavu na dohani, unakaribia kilo 200. Hutaki kulipia meli kubeba mzigo huo kutoka Marekani, kisha uushushe bandari ya Malindi hapa Unguja na kuupakia gari mpaka Paje, na pleti zenyewe zinauzwa hapa na Dar es Salaam.

Wateja wangu wakisikia bei ya pleti huniomba nishuke hadi milimita 3. Kwenye chumba cha kupikia tunaweza kuzungumza. Kwenye sanduku la moto sikubali.

Fundi wako mwambie haya. Sanduku la moto lisipungue theluthi ya ujazo wa chumba cha kupikia. Kama anatumia bomba nene, achomelee bawaba kabla hajamaliza kukata mlango, kwa sababu bomba likikatwa linatanuka na mlango haukai tena mahali pake. Dohani ianzie usawa wa wavu, moshi upite kwenye chakula kabla ya kutoka. Kipimajoto nacho kikae usawa huo huo. Kikiwekwa juu kabisa kitakudanganya, maana hewa ya moto hupanda. Bomba la gavanaizi, lile lililopakwa zinki, asilitumie hata kipande: zinki yake ikiungua inatoa moshi wa sumu, na fundi anayeichomelea huamka na homa.

Halafu kuna upepo, na hapa ndipo nawaonea huruma wenye mikahawa ya ufukweni. Paje upepo unatoka baharini, kaskazi na kusi vyote mnavipata. Tundu la hewa la sanduku likitazama bahari, moto utawaka kuliko unavyotaka na hutouweza. Ligeuzie ubavu, au ulikinge kwa ukuta. Na chini ya miguu weka vipande vipana vya pleti, vyenginevyo mchanga utalimeza.

Kuni ziwe kavu: mpera, mchungwa, mlimau. Mkorosho sikushauri. Ukiona moshi mweupe mzito, moto umekosa hewa na chakula kitakuwa kichungu. Fungua tundu, ungoje moshi uwe mwembamba wa kibuluu ndipo uweke nyama. Jodari hahitaji kutwa. Mtie chumvi kwanza, umkaushe maji, kisha muda wa saa moja mpaka mbili unatosha kwa vipande vya kiasi.

SUALI: Fundi, nina mtungi mkuukuu wa gesi, hauna kitu tangu mwaka jana. Nikiukata nitapata jiko dogo la moshi? – Msomaji, Wete

JAWABU: Tafadhali ndugu yangu, usiuguse kwa grainda. Mtungi ulioisha unabaki na mabaki ndani, na joto la kukata linayageuza mvuke unaolipuka. Kuufungua koki na kuuacha juani hakutoshi. Huko Marekani wanaokata matangi huyasafisha na kuyajaza maji kwanza, na ni watu wa kazi hiyo. Kwa jiko dogo nunua kipande cha bomba nene, ulale usingizi wako.

SUALI: Jiko langu limeanza kutu na halijatimiza mwaka. Nilipake rangi ndani? – Msomaji, Makunduchi

JAWABU: Ndani usipake rangi kabisa. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka mafuta ya kupikia kidogo sana, kisha washa moto kwa muda wa saa mbili au tatu mpaka chuma kiwe cheusi. Nje ndiko kwenye rangi, ile inayostahamili joto. Majivu yatoe kila likipoa, maana yakishika unyevu yanakula chuma.