Anatembea ametanua miguu: mwendo wa mtoto hukomaa lini?

Swali: Mwanangu ana miezi 15, na ni wiki sita tangu aachie ukuta. Anatembea ametanua miguu, mikono iko juu, anakanyaga kwa wayo mzima na kuanguka kila mara. Je, anahitaji viatu maalumu?

Jibu: Mama, viatu maalumu havihitajiki. Huo ndio mwendo wa wiki za kwanza. Kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na misuli ya nyonga bado haiwezi kumshikilia juu ya mguu mmoja. Anatanua miguu asipepesuke, anainua mikono kukaza kiwiliwili, kisha anauwahisha chini mguu ulio hewani. Ndiyo maana hatua zake ni fupi na za mbiombio: karibu na mwaka 1 huwa kama sm 22, zaidi ya 170 kwa dakika. Kwenye miaka 7 hatua hufika kama sm 48, na idadi yake hushuka hadi kama 140 kwa dakika.

Mikono hushuka mapema, na nyayo husogeleana kadiri anavyozoea. Kabla ya miaka 2 wengi huwa wanatanguliza kisigino na kupunga mkono wa upande ulio kinyume na mguu unaokwenda mbele. Kufikia miaka 3 sehemu kubwa ya mwendo wa mtu mzima imeshaonekana. Kinachobaki hadi miaka 7 ni kuurekebisha. Hesabu tangu siku aliyoanza kutembea, si umri peke yake: aliyeanza na miezi 10 hawezi kulinganishwa na aliyeanza na miezi 16, na wote wawili ni wazima.

Matege kabla ya miaka 2 ni kawaida, na magoti kugusana kwenye miaka 3 au 4 pia, mradi miguu yote miwili ifanane.

Ukitaka kumpima, mvue nepi kwanza, maana nepi yenyewe humtanua miguu. Lowesha nyayo zake, mwite atembee mita 4 juu ya sakafu kavu ya saruji, na uweke alama kwa chaki kabla maji hayajakauka. Acha hatua mbili za mwanzo na mbili za mwisho. Pima kutoka kisigino cha kushoto hadi cha kulia, kisha cha kulia hadi cha kushoto. Rudia baada ya mwezi. Hatua moja ikiwa fupi siyo neno. Upande uleule ukiwa mfupi kila unapopima, hilo ni la kumwonyesha mtaalamu.

Ndani ya nyumba mwache pekupeku, kwa sababu wayo hujifunza kwa kugusa sakafu. Nje, mvalishe kiatu chepesi kinachokunjika penye vidole, chenye nafasi ya kama sm 1 mbele ya kidole kirefu. Soli ngumu humfanya ajikwae zaidi.

Mpeleke akapimwe ikiwa amefika miezi 18 hatembei, anaburuta mguu mmoja, anatembea kwa ncha za vidole muda wote na kisigino hakishuki hata akisimama, au amepoteza alichokuwa anakiweza. Akianza ghafla kuchechemea huku ana homa, au akigoma kabisa kukanyagia mguu, usisubiri kesho: maambukizi ya kiungo cha nyonga huharibu haraka gegedu, yaani utando mlaini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo.