Baiskeli ya mkia mrefu: kabla hujauliza bei, pima mlango wako

Salaam dada uloanzisha uzi. Nimesoma swali lako, kwamba wakaa Maweni nyumba ya kupanga, watoto 2 wa skuli, na biashara yako ya kupeleka maji, na wataka kununua baiskeli ya mizigo ile yenye mkia mrefu ila hujui usiku utailaza wapi. Majibu yote hapo juu ni giya ngapi, tairi gani, rangi gani. Hakuna alojibu ulichouliza. Mi ninayo, mwaka wa 4 huu, naishi Shela hapa hapa Malindi, asubuhi napelekea vibanda mahamri ya mke wangu kisha napeleka watoto, na nakwambia kuiendesha si kazi, kazi yaanza saa 1 usiku ukirudi nayo nyumbani.

Yangu nliipata kwa Mtaliano mmoja alokuwa akirudi kwao. Yeye alikuwa akiiweka kwa gereji ya nyumba yake huko Casuarina, gereji ya kuingia gari 2, baiskeli yaonekana kama kitoto pale ndani. Mimi nkaiona, nkaipenda, nkalipa, nkaipanda mpaka nyumbani nikiwapungia watu mkono. Sikupima kitu. Nlipofika barazani ndo nkaanza kufikiri.

Tuelewane kwanza ni kitu gani hiki, maana kuna mtu hapo juu amechanganya na ile yenye sanduku mbele. Ile ya sanduku ni pana na mlango wa nyumba zetu hauingii hata ukiomba dua. Ya mkia mrefu upana wake ni ule ule wa baiskeli ya kawaida, usukani tu, isipokuwa gurudumu la nyuma limesogezwa nyuma na keria imekuwa ndefu kama benchi. Baiskeli ya kawaida ni kama mita 1.8. Yangu ni mita 2 na sentimita 10. Sentimita 30 waona ni nini, rula moja ya mtoto wa skuli. Hiyo rula imenitesa miaka 4.

Na kabla mtu hajaja kusema hivi ni vitu vya wazungu, wazo la kurefusha baiskeli lilimjia Mmarekani akiwa Nicaragua kwa watu wanaobeba mizigo kila siku, ndo baadaye kampuni ya Xtracycle ikaanzishwa California mwaka 1998 kuuza kile kifaa cha kufunga kwa bolti nyuma ya baiskeli uliyonayo. Na sisi wenyewe hapa Kenya, hii boda boda tunayoijua leo ya pikipiki ilianza kule mpakani Busia kwa baiskeli na keria. Kwa hivo tusioneane haya.

Haya, nyumba. Naishi nyumba ya Kiswahili ya kawaida, baraza, mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, halafu uani. Wapangaji familia 4. Baraza ina ngazi 3. Baiskeli ya kawaida ngazi 3 si kitu, wanyanyua wapita. Hii, gurudumu la mbele lishafika juu, la nyuma bado liko chini mchangani, na katikati pale penye pedali tumbo linashuka linagonga ukingo wa ngazi. Siku ya kwanza nkasukuma kwa nguvu nikidhani ni uvivu wangu, meno 2 ya ile giya ya mbele yakapinda. Ikiwa tupu yangu ni kama kilo 22, si nzito sana, ila kunyanyua kilo 22 zenye urefu wa mita 2 peke yako gizani na watoto wako nyuma yako wanalia njaa ni habari nyengine. Nkaenda kwa seremala nkakatiwa ubao wa mita 2 na nusu, mpana kiasi cha kiganja na nusu, nkapigilia vipande vya mpira wa tairi juu yake usiteleze mvua ikinyesha. Gurudumu lapita kwa ubao, mimi napanda ngazi pembeni. Ubao ulale uvunguni mwa benchi la baraza. Hilo lilitatua ngazi, na kama nyumba yako ina ngazi fanya hivo hivo usijadiliane.

Ukumbini sasa. Ukumbi wetu ni mita 1 na sentimita 20. Usukani wangu ni sentimita 68. Ukitoa yabaki nusu mita, mtu apita kiubavu ubavu. Nlikuwa naifunga kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha la chumba chetu linaloangalia ukumbini, najiona nimemaliza. Majirani walikuwa wakipita wakisema "samahani baiskeli", mzaha, watoto waipanda hapo hapo imesimama wanacheza basi. Miezi kama 7 hivi.

Halafu akafa mzee wa chumba cha mwisho. Alifia nyumbani alfajiri, mimi nshatoka na mahamri, nko njia ya Watamu, siku hiyo simu haina chaji. Funguo ya kufuli iko mfukoni mwangu. Walipotaka kutoa jeneza ukumbi umezibwa. Walijaribu kuinyanyua baiskeli juu pamoja na mnyororo wake haikufika popote, mwisho jeneza likapitishwa uani, likazungushwa kwa kichochoro cha nyuma kati ya mapipa ya taka. Nlirudi saa 4 nkakuta watu wameshakwenda makaburini. Hakuna alonambia neno, si siku hiyo si baadaye, mwanawe bado anisalimia vizuri mpaka leo. Lakini mke wangu alinambia usiku ule, "hiyo kitu hailali tena ukumbini," na mimi sikuwa na la kujibu.

Kwa hivo dada yangu kama nyumba ni ya wapangaji wengi, ukumbi uutoe kichwani kabisa. Si mambo ya upana. Ukumbi ni wa watu wote na kuna siku watauhitaji wote kwa pamoja na siku hiyo haipigi hodi.

Nkaihamishia uani. Kutoka ukumbini kwenda uani kwetu kuna kona kali, mlango kisha hapo hapo ukuta wa jiko. Baiskeli ya kawaida yapinda, hii haipindi kabisa, rula ile ile. Ujanja ni kushika breki ya nyuma kwa nguvu halafu unyanyue usukani mpaka baiskeli isimame wima kwa mkia wake, kisha waizungusha kama wacheza nayo dansi. Wafanya kazi, ila jua kwamba ikisimama wima ndo urefu wake wote unakwenda juu. Nlivunja taa ya mlangoni mara 2. Kuna aina moja, Tern GSD, imetengenezwa makusudi isimame wima kwa mkia na urefu wake ni mita 1.8 tu kama baiskeli ya kawaida, hiyo yafaa hata chumba kimoja, ila bei yake tuiwache.

Mwisho nkamwendea mwenye nyumba. Kulikuwa na mlango wa uani wa kutokea kichochoroni, ule ule lilipopita jeneza, umezibwa kwa mbao miaka, siku ile tu ndo zilibanduliwa. Mzee akasema fungua, lakini kufuli ununue wewe na funguo kila mpangaji apewe. Upana wake sentimita 78. Baiskeli yapita na mahamri yake na mitungi yake haigusi. Ningemwendea mwezi wa kwanza, lakini ndo hivo, mtu aona haya kuomba.

Uani shida ni moja tu lakini ni kubwa: chumvi. Sisi bahari iko hapo. Nlinunua turubai la plastiki nkaifunika gubigubi mpaka chini nkafunga na kamba, najisifu. Mwezi wa 5, kusi lavuma na mvua yanyesha, nlipokuja kuikagua vizuri baada ya wiki 3 spoki zimevaa kutu, bolti za stendi nyekundu, cheni imekakamaa kama fimbo. Turubai lilikuwa lanasa unyevu ndani, asubuhi ukilifunua lina matone kwa chini. Ingekaa wazi ingekuwa afadhali. Na hapo nkafanya kosa la pili, nkawa naiosha kila jioni kutoa chumvi, naiosha kwa maji ya kisima chetu. Kisima chetu maji yake ni ya magadi, hata chai hayafai! Mke wangu ndo alonambia, waosha chumvi kwa chumvi. Sasa naipiga maji ya mfereji, yale ya Baricho, ndoo ndogo tu, mara moja kwa wiki yatosha, naifuta kwa kipande cha leso kuukuu, cheni naisugua na mafuta ya taa kisha naitia oili tone tone, na bolti zote napaka grisi. Cheni yenyewe ukija kuibadilisha jua moja haitoshi, waunga 2. Na waya wa breki ya nyuma wa kawaida haufiki, nliusubiri ule wa baiskeli ya watu wawili wiki 2 kutoka Mombasa. Nunua akiba mapema.

Pa kulala nimejenga kibanda. Nguzo 4 za mikoko, mchwa hawaziharibu upesi kama mbao za kawaida, juu makuti, pande 2 wazi upepo upite. Mabati nliyakataa sababu mchana ni tanuri na yenyewe yataanza kutu kabla ya baiskeli. Chini nimemwaga zege kidogo, si kwa urembo, stendi ya miguu miwili ukiiweka mchangani na mzigo juu yazama mguu mmoja na kila kitu kinakwenda chini. Imenitokea na trei ya mahamri, kuku wa jirani walishukuru. Ukiwa njiani beba kibao kidogo cha kuweka chini ya stendi. Kwenye zege lile lile nimezamisha nondo niloikunja kama pete, mnyororo wapita hapo na kwenye fremu, si kwenye gurudumu peke yake, gurudumu lafunguliwa kwa spana moja.

Kwa hao waloulizia ya betri: mpwa wangu anayo, yapita kilo 30, ngazi asahau. Baiskeli yaweza kulala chini ya makuti lakini betri HAPANA. Betri ya lithiamu ikishika moto haizimwi kwa ndoo, na makuti sote twajua yanavyokwenda, dakika chache tu na nyumba ya jirani ishashika. Itoe, ichaji ndani kwenye sakafu ya saruji, mchana mkiwa macho, mbali na kitanda na mbali na mlango wa kutokea, wala usichaji ikiwa imetoka juani bado moto. Ukisafiri iache nusu chaji, si kujaa si kuisha.

Ndugu alouliza kutoka Lamu mjini, wa Langoni, mi ningekwambia usinunue. Nimekaa kwa shemeji yangu Mkomani, vichochoro vile punda mwenye mzigo akija wajibana ukutani, Usita wa Mui wenyewe, ile njia kuu ya mji, jioni kutembea kwa miguu ni kwa kuombana njia. Utaisukuma tu. Punda hujitafutia kona mwenyewe. Kama shughuli zako ni Mokowe huko bara, hapo sawa, ilale huko huko.

Na yule alosema achukue Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, ampe fundi wa kuchomelea airefushe, kaka, nliona moja hapa sokoni imekatika kwenye kiungo, mitungi 4 ya lita 20 juu yake, hiyo ni kilo 80 hazijahesabiwa za mwendeshaji. Fundi hakuwa mbaya, bomba la fremu ni jembamba na lilichomelewa bila kipande cha kushikiza ndani. Ukitaka kurefusha tafuta kile cha kufunga kwa bolti.

Dada, kwa hivo kabla hujampigia huyo muuzaji simu chukua futi nenda upime vitu vitatu: mlango ulio mwembamba kuliko yote utakayopita, idadi ya ngazi na urefu wake kwenda juu, na ile kona ya kuingilia uani ikiwa ipo, kutoka ukuta hadi ukuta. Kona usiipime kwa macho, tafuta mti wa mita 2 na sentimita 10 mwambie mtoto mmoja ashike huku na mwengine kule mupite nao. Na umuulize mwenye nyumba kama ule mlango wa nyuma wafunguka. Rudi hapa na vipimo, ntakwambia ubao ukatwe mita ngapi.