Lehemu ikiwa juu, kemo haifanyi kazi? Niliyoyaona kwa dada yangu, Dodoma

Mdogo wangu, umeuliza kuhusu mama: lehemu yake, yaani kolesteroli, mafuta ya kwenye damu, imesoma juu, kemo (dawa za kuua saratani) ya saratani ya titi inaanza wiki ijayo, na jirani kawaambia damu yenye mafuta haipokei dawa, kwa hiyo mmemnyima mafuta kabisa. Hapo kwenye kumnyima ndipo nimeshtuka, maana na sisi tulipita humo humo.

Nilimuuguza dada yangu hapa Nkuhungu. Kipimo cha mafuta kilipotoka kibaya tukamkamia. Mlenda ukawa wa magadi na chumvi tu, karanga marufuku, mafuta ya alizeti yakabaki kwenye dumu. Kufika dozi ya pili gauni lilikuwa linamvuka begani, akaahirishiwa wiki nzima kwa sababu chembe nyeupe za damu zilikuwa chini. Kushusha chembe nyeupe ni kawaida ya dawa zenyewe, lakini mgonjwa asiyekula anazipokea akiwa hoi tayari.

Daktari alipoona kile kipimo cha mafuta aliuliza swali moja: asubuhi ile alikula nini? Chai ya maziwa na maandazi mawili. Trigliseraidi, aina mojawapo ya mafuta ya damu, hupanda ukishakula, kwa hiyo akataka kirudiwe akiwa hajala tangu usiku. Na akatuonya kwamba huenda mafuta yakapanda tena katikati ya matibabu, kwa sababu ya kemo na zile dawa za deksamethasoni za kuzuia kutapika, tusije tukadhani mgonjwa anakula vibaya.

Kisha akafungua majibu ya kile kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe kupimwa, akaweka kidole kwenye mistari mitatu: estrojeni na projesteroni, yaani kama uvimbe unapokea homoni hizo za kike, na HER2, protini inayoukuza uvimbe ikizidi. Hapo ndipo anaposoma kwanza akitaka kujua kemo itafanya kazi vipi. Uvimbe wenye HER2, ukipewa na dawa yake maalumu, na ule usio na hata kimoja kati ya vitatu, mara nyingi zaidi huyeyuka wote kabla ya upasuaji. Unaolishwa na estrojeni huisha kabisa kwa nadra zaidi, ila una vidonge vyake kama tamoksifeni. Baada ya hapo ni kupima: wa dada ulianza sentimita 6, dozi ya nne ukasoma 3 na nusu. Alilia pale pale kitandani, na mimi nikalia.

Jirani yenu hakuzua kila kitu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba zao moja la lehemu mwilini hujifanya estrojeni na kukuza uvimbe wa aina hiyo. Wengine wamelinganisha mafuta ya damu na jinsi uvimbe unavyoitikia kemo, na majibu yao hayajakubaliana. Kwa hiyo namba ile haiwezi kumwambia mama yako kwamba dawa itagoma.

Ipelekeni kwa daktari hata hivyo, hasa kama mama ana presha au sukari, kwa sababu ile dawa nyekundu, doksorubisini, huweza kuchosha moyo. Dawa ya kushusha lehemu msinunue wenyewe duka la dawa. Na mizizi mnayochemsha, kama ipo, itajeni.

Ulizeni mistari ile mitatu inasemaje, na uvimbe ulikuwa sentimita ngapi siku ya kwanza. Andikeni kwenye daftari la mama. Na leo jioni mpikie mlenda, utie karanga.