Uliza Fundi: Betri ya tatu ndani ya mwaka, kosa la nani?

SWALI: Fundi shikamoo, pole na kazi. Mwaka jana nilinunua Boxer 150 mkononi kwa mtu, aliyekuwa nayo alikuwa anapiga nayo boda. Tangu niichukue nishafunga betri mbili na hii ya tatu nayo imeanza visa, asubuhi nikipiga selfu inalia tik tik tik tu mpaka nipige kiki, usiku honi inakoroma kama mbuzi ana mafua. Fundi wa hapa mtaani kila nikienda jibu lake moja tu, "betri feki hizi, leta nyingine". Plagi pia kabadilisha. Betri zimenimalizia hela, nifanyeje?
Dereva, Msamvu, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na hela ya betri ya nne weka mfukoni kwanza. Feki zipo, sikatai, ila betri tatu zikifia kwenye chombo kimoja mimi siitazami tena betri, natazama chombo. Tena plagi na tik tik ya selfu wapi na wapi? Huyo alikuwa anabahatisha kwa hela yako.

Tafuta mita, ile ndogo ya namba inayouzwa maduka ya vifaa vya umeme, bei yake haifikii betri moja. Iweke kwenye volti za DC, 20, asubuhi kabla hujawasha kitu, nyekundu kwenye chanya nyeusi kwenye hasi. Ikisoma 12.6 mpaka 12.8 betri imejaa, 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 nusu, ikifika 12.0 hamna kitu humo hata kama taa ya indiketa inawaka. Na kuna namba moja nataka uikariri, 10.5. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa 2.1 hivi, kwaiyo ukiichaji vizuri alafu ikatulia ikagoma kwenye 10.5 jua chumba kimoja kimekufa na hiyo haiponi, usidanganywe kuongezewa asidi.

Alafu mwambie mtu abonyeze selfu huku we macho kwenye mita. Betri iliyojaa ikiporomoka chini ya 9.6 hivi imechoka. Lakini kama inabaki 12 na bado inalia tik tu, betri haina kosa, hapo tafuta relei ya selfu, waya mnene au selfu yenyewe.

Sasa tuje kwenye chaji, na hapa ndo nadhani ugonjwa wako ulipo. Chaji betri ijae kwanza, maana betri iliyokufa inavuta volti chini ukadhani magneti, ile mashine ya koili ndani ya injini inayozalisha umeme, ndo mbovu, watu wengi wanaingia mkenge hapo. Washa injini, mita ikiwa palepale kwenye betri, vuta mafuta mpaka usikie ile sauti ya kutembea, sio kupiga resi kama unashindana. Ikipanda 13.8 mpaka 14.5 chaji ipo. Ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, haichaji. Ikipita 15 rektifaya, yaani kile kidude cha aluminiamu chenye mapezi, imeshindwa kuzuia umeme na inaichemsha betri. Na fundi akikwambia achomoe betri injini ikiwa inaunguruma "tuone kama itazima", mnyang'anye spana. Volti zinaruka ghafla zinaua taa na sidiai, kile kidude kinachoipangia plagi moto, unakuja kwa tatizo moja unaondoka na matatu.

Ukikuta haichaji usikimbilie kununua magneti. Juzi juzi nililetewa moja kama yako, iliwahi kupiga boda, mita inasoma 12.9 hata ukivuta mafuta. Nikafungua kava la pembeni, soketi ya rektifaya, plastiki yake imekuwa rangi ya sukari iliyoungua, waya mmoja ulishakatwa ukaunganishwa kwa kusokotwa na vidole alafu ukazungushiwa mfuko wa rambo badala ya tepu. Nikaukata nikauchomelea risasi. Ikapanda kidogo tu. Ndo nikaweka mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, taa zote zimewashwa, injini inaunguruma. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri, ikizidi sana 0.2. Ilisoma 0.8! Maana yake umeme unapotelea njiani kabla haujarudi kwenye betri. Waya wa hasi ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikarudisha nati, mita ikasoma 14.1. Hamna kifaa kipya hata kimoja kilichonunuliwa, na mwenye nayo alishakuja na betri mpya mkononi.

Soketi na waya zikiwa salama ndo unapima magneti. Chomoa soketi inayotoka kwenye injini, hesabu waya. Zikiwa tatu za njano, hamisha mita kwenye volti za AC upime mbili mbili, jozi zote tatu zipande pamoja ukivuta mafuta na zisome karibu sawa, moja ikiwa chini sana koili imeungua. Alafu zima injini, hamisha mita kwenye alama ya kulia, pima kila waya wa njano na bodi ya injini, mita ikilia koili imepiga shoti, ni kusukwa upya au kununua nyingine. Lakini kama yako ina waya mmoja mweupe wa chaji na mmoja wa njano wa taa, ile kupiga na bodi sio lazima iwe ubaya, nyingine zimetengenezwa hivyo kiwandani. Na kwenye hizo, taa kubwa inakula moja kwa moja kwenye magneti, ndo maana inafifia ukiwa saileni, injini inaunguruma tu bila kuvuta mafuta, na kung'aa ukivuta mafuta, hilo usilipigie kelele.

Kitu cha mwisho nakuuliza wewe, kama na wewe unapiga boda na umefunga redio ya mziki ya kijiweni, ni ya wati ngapi? Tuseme 20, injini imezimwa, masaa matatu mnasubiri abiria. Hapo ushakula ampea-saa 5, na betri nyingi za saizi hizo ndo ujazo wake wote, soma pembeni yake. Ongeza taa mbili za ziada kama umefunga mbele, magneti ndogo ile itajaza saa ngapi na we unatembea vipande vya dakika tano tano? Na siku uliyonunua, je walimimina asidi wakakufungia hapohapo? Betri kavu ikishawekwa asidi inatakiwa itulie kama nusu saa alafu ichajiwe taratibu kwa sehemu ya kumi ya ujazo wake, ya 5 ichajiwe kwa nusu ampea masaa kadhaa. Ukiipeleka kuchajiwa sehemu moja na betri za malori unaipika.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mwalimu, pikipiki yangu nilinunua imetumika, nikiiacha Ijumaa jioni Jumatatu haishiki selfu. Chaji tumepima inasoma 14.2. Betri ina miezi minne.
Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba mwalimu. Chaji iko sawa, kuna mwizi anakula usiku. Fungua hasi ya betri, hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, zungusha na mita yenyewe kwenye ampea 10 za DC, pima kati ya waya na betri, swichi ya pikipiki ikiwa ofu. Usiguse selfu wakati huo, utaunguza mita. Ikikaa 0.00, yaani miliampea mbili tatu tu, hamna shida. Ikisoma 0.08, yaani miliampea 80, piga hesabu, masaa 60 ya wikiendi ni karibu ampea-saa 5, betri imeisha. Chomoa kitu kimoja kimoja mpaka namba ianguke, anza na alamu aliyofunga mwenye nayo wa kwanza, mimi nane kati ya kumi nazikuta ni alamu au chaja ya simu. Ikianguka ulipochomoa rektifaya, basi diodi za ndani, zile zinazozuia umeme usirudi nyuma, zinavujisha, badilisha.

SWALI: Maji ya betri yanaisha kila wiki, naongezea asidi kidogo na siku nyingine maji ya chupa ya kunywa. Kuna ubaya?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Upo bwana! Asidi haipungui, kinachopungua ni maji, we ukiongeza asidi unazila sahani za ndani ya betri, na maji ya kunywa yana chumvichumvi. Weka maji ya betri tu, mpaka mstari wa juu. Ila kuisha kila wiki sio kawaida, pima kama nilivyomwambia ndugu wa Msamvu, mara nyingi utakuta imepita 15, ikiwa hivyo ni rektifaya. Na ule mpira mwembamba wa kupumulia pembeni ya betri uangalie haujabanwa na kava wala haumwagii kwenye mnyororo.