Usisifu Rangi ya Jogoo Kabla Hujampanua Vidole

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja anayefuga bantamu, yaani kuku vibete. Nauweka kama ulivyo, jina tu nimeliondoa: "Shikamoo mwalimu. Nina jogoo wa Sebright wa dhahabu, pindo lake ni safi mno, sijaona mfano wake. Tatizo mkia umelalia upande kidogo. Maonyesho yamebaki miezi miwili. Nimpeleke? Na kama hafai kupelekwa, si naweza kumtumia kwa mbegu ili nipate ile rangi?"

Marahaba, mwanangu. Jibu la swali la kwanza ni hapana. La pili ni hapana pia. Ningeishia hapo, ila umenitonesha kidonda, na kidonda kikitoneshwa mwenyewe lazima aseme.

Nami nilishawahi kuwa na jogoo wa kusifiwa hivyo. Alikuwa Sebright, wa fedha. Kwa asiyewajua, hawa ni kuku vibete walioundwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 na bwana mmoja, Sir John Sebright, na jina lake ndilo wanalobeba mpaka leo. Jogoo mzima ana uzito wa gramu 620 hivi, unambeba kwenye kiganja kimoja. Uzuri wao ni pindo: kila unyoya, uwe wa shingo, wa kifua, wa ubawa au wa mkia, una ukingo mweusi mwembamba uliozunguka rangi ya katikati. Na jogoo havai kijogoo. Hana yale manyoya marefu yaliyochongoka ya shingoni wala yale ya mkiani yanayopinda kama mundu. Anavaa kama tetea, kwa sababu ngozi yake inageuza homoni ya kiume kuwa ya kike.

Nilimnunua kwa mfugaji mwenye sifa kubwa, ambaye sitamtaja. Alimtoa jogoo kwenye kizimba, akamsimamisha juu ya meza penye mwanga wa dirisha, akarudi nyuma hatua moja. Alijua anachofanya. Lile pindo lilikuwa jeusi lenye mng'ao wa kijani, upana uleule kutoka upande mmoja wa unyoya hadi mwingine, kama mtu amekaa na kalamu akachora moja moja. Nilimshika kwa dakika kama mbili. Dakika zote mbili nilimtazama mgongo. Nikatoa hela bila kuomba punguzo, jambo ambalo sijalifanya tena maishani mwangu.

Miezi iliyofuata siielezi. Ni kulisha, kufagia, kubadilisha maranda na kupambana na utitiri. Kila mfugaji anaijua. Nilimpandishia matetea wanne, nikatotoa vifaranga 31, na kila aliyekuja nyumbani alivutwa mkono hadi bandani kuonyeshwa "bwana harusi".

Siku ya maonyesho ikafika. Mwamuzi alikuwa mtu mkimya mwenye koti jeupe, mikono yake mikubwa kuliko kuku wenyewe. Alimtoa jogoo wangu kizimbani kichwa kikitangulia, akamlaza kiganjani miguu ikiwa katikati ya vidole vyake. Akafungua ubawa kama anafungua kipepeo cha mkono, akaufunga. Akapuliza manyoya ya mgongo kuona yaliyo chini. Nilimwona anatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika, nami nikaanza kufikiria tuzo nitaipigilia ukuta gani. Kisha akamgeuza, akashika mguu wa kushoto, akapanua kidole cha kati na cha nje kwa kidole gumba chake. Akasita. Akauinua mguu kwenye mwanga. Akamrudisha kizimbani, akaandika neno moja kwenye kadi, akaenda kwa kuku anayefuata.

Ameondolewa.

Baada ya kazi alinionyesha mwenyewe, kwa upole kabisa. Pale katikati ya vidole palikuwa na kinyoya kidogo cheupe, kinene kama ncha ya sindano ya kushonea, kimejibanza kwenye ngozi. Sebright ni kuku wa miguu mitupu. Kinyoya kimoja tu mguuni au kati ya vidole kinamtoa shindanoni, hata awe na rangi ya peponi. Tulipopanua mguu wa kulia, vilikuwa viwili.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Unyoya ukiung'oa na mzizi wake, hauondoki jumla. Baada ya wiki 6 hadi 8 hivi unakuwa umeota tena. Nilipopiga hesabu tangu siku niliyonunua, nikaelewa. Nikampigia simu muuzaji. Hakukana, alicheka tu: "Kwani wewe ulinunua vidole?"

Niliporudi nyumbani nilikamata wale vifaranga 31, ambao wakati huo walishakuwa matembe na mapora, nikawapanua vidole mmoja mmoja usiku kwa tochi. Kumi na wanne walikuwa nacho. Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, usimfanye mbegu huyo jogoo wako. Ukimchukua kwa ajili ya pindo, mkia nao unakuja. Damu haikupi sehemu unayoitaka ikakubakizia nyingine.

Aliyenidanganya ana dhambi yake, lakini macho yalikuwa yangu. Tangu siku ile nina utaratibu mmoja ambao siuvunji: kuku namshika kabla ya kumtazama. Nafumba macho kabisa, wanaonicheka wacheke. Mkono unapita kwenye mfupa wa kidari kusikia kama umenyooka au una kona. Unapita kiunoni kusikia upana wa mgongo. Unanyoosha vidole vyote vinne, unaingia katikati ya kila kidole. Halafu ndipo nafumbua macho, na bado sitazami rangi. Nafungua ubawa, natafuta pengo kati ya manyoya marefu ya nje na yale ya ndani, maana ubawa uliogawanyika haurekebishiki kwa dawa wala maombi. Namshusha, nasimama nyuma yake, natazama mkia kutokea juu. Nyuma, si ubavuni. Mkia uliopinda ukiutazama ubavuni unaweza kuuona mzuri kuliko mikia yote bandani.

Rangi mwisho. Nayo ina mahali pake pa kutazama, haitazamwi kwa mbali kama bendera. Vuta unyoya mmoja mmoja wa kifuani bila kuung'oa, uutandaze kidoleni. Je, pindo limezunguka mpaka pembeni, au limeishia nchani? Je, katikati pako safi, au kuna vumbivumbi jeusi kama mtu amepuliza masizi? Je, nje ya pindo kuna ukungu mweupe? Ukungu huo watu wengi hawauoni, na waamuzi wote wanauona. Na usifanye haraka. Manyoya ya utotoni ni ya uongo. Subiri kuku avae manyoya ya ukubwani, kwenye mwezi wa tano au wa sita, ndipo umpe hukumu. Nimewahi kugawa tembe wa miezi mitatu kwa kumwona ana rangi chafu, baadaye nikamkuta kwenye banda la jirani yangu amekuwa malkia. Hilo nalo bado linaniuma, ila kwa hilo wa kulaumiwa ni mimi peke yangu.

Niweke na hili, kwa sababu wengine mkishaumizwa mara moja mnaona kila muuzaji ni mwizi. Kuna udanganyifu na kuna hesabu ya damu. Mtu anapandisha jogoo wa bluu, yaani kijivu ambacho wafugaji tunakiita bluu, kwa tetea wa bluu, anapata vifaranga weusi na weupe wenye matone, anaanza kutukana watu. Hakuna aliyekuibia. Bluu kwa bluu inatoa kwa wastani nusu bluu, robo weusi, robo wenye matone. Ukitaka wote wawe bluu, pandisha mweusi kwa mwenye matone. Hata kwenye Sebright, ambao undu wao ni wa waridi, ule mpana wenye vinundu unaoishia kwa mwiba nyuma, unaweza siku moja kutotoa kifaranga mwenye undu wa msumeno kutoka kwa wazazi wazuri tu. Wazazi wote wawili walikuwa wameificha damu hiyo. Muuzaji hakuijua, na wewe usingeijua. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu ya hasira, jiulize: hili lingeweza kuonekana kwa mkono siku ile? Kama lingeonekana na hukushika, kaa kimya, jifunze. Mimi nilipiga simu, na sikupata chochote zaidi ya kile kicheko.

Mnisamehe nikijisifu kidogo, maana na mimi ni binadamu. Mwezi uliopita tetea wangu wa fedha amekuwa wa kwanza katika kundi la matetea wa Sebright. Si wa ukoo wa yule "bwana harusi", ukoo huo niliufuta wote kwenye mbegu. Huyu mama yake nilikuwa nikimdharau, pindo lake zito kupita kiasi, katikati pamebaki kama punje. Lakini kila nilipomfumbia macho, mkono ulikuwa ukisema huyu ndiye. Kidari kimenyooka, mgongo mfupi, vidole visafi. Nikamtafutia jogoo mwenye pindo jembamba, na mwaka wa tatu akatoka huyu. Tuzo kuu ya bantamu wote ilichukuliwa na kuku mmoja mweusi wa aina ya Old English Game. Alikuwa mzuri. Sisemi zaidi.

Wengi mmeniuliza alioshwaje. Siku tatu kabla, beseni tatu za maji ya uvuguvugu, ya kwanza na sabuni laini, mbili za kusuuza. Unafuata manyoya yanakoelekea, husugui kurudi nyuma, na kichwa hakiingii majini. Sabuni ikibaki, manyoya yanashikana na pindo linavurugika. Beseni la pili huyu tetea alisinzia, kichwa kikaanguka polepole mkononi mwangu kama cha mtoto mchanga, nikabaki nimeinama pale hadi maji yakapoa kwa kuogopa kumwamsha. Ukimaliza, mkaushe taratibu mahali pasipo na upepo. Na wenye kuku weupe, wawekeni kivulini wiki zote za kabla, jua linawapaka manjano ambayo sabuni haiitoi. Kuoshwa kunaondoa uchafu. Hakumnyooshi mtu mkia.

Vijana wa siku hizi mnapenda picha. Mnanunua kwa picha, mnauza kwa picha, mnapandisha kwa picha. Mkono wako umeshika simu saa ngapi kwa siku, na umeshika kuku mara ngapi? Viwango vya kuku wa maonyesho vimeandikwa tangu 1865 kule Uingereza na 1874 Marekani, vimeeleza umbo, uzito, undu, miguu na rangi, halafu mtu anaruka kurasa zote hizo anakimbilia mstari wa rangi. Shika kuku. Nimesema mara ngapi? Shika kuku.

Sasa wewe uliyeniandikia. Huyo jogoo mtunze, si kosa lake, apambe ua wako na awike apendavyo, ila asikae na matetea wa mbegu. Ile picha uliyonitumia ni nzuri, ila umepiga ubavuni. Nitumie nyingine: msimamishe sakafuni, simama nyuma yake, simu iwe juu ya mgongo, na usimshike mkia. Nyingine nitumie ya miguu, vidole vimepanuliwa.