Njia ya gari inaharibiwa na maji: anza na maji, kifusi baadaye

Njia ya kuingilia nyumbani ikianza kuharibika, wengi wetu tunaoishi shambani hukimbilia kuagiza lori la kifusi. Masika ikipita, kifusi chote kimeshuka bondeni na hela imekwenda nacho. Kwetu Lushoto, ambako nyumba nyingi zimekaa ubavuni mwa mlima, naliona jambo hili kila mwaka na linaniuma, maana hizo ni pesa za watu waliojinyima.

Subiri mvua inyeshe kwelikweli, kisha vaa mabuti utoke nje. Angalia maji yanaingia njiani kutokea wapi, yanapata kasi wapi, yanatuama wapi. Chomeka vijiti palepale. Mimi nilipofanya hivyo niliona kwamba maji yaliyokuwa yakichimba njia yangu yalitoka shambani juu, na mengine kwenye paa la nyumba. Ya paa nikayawekea gata na tangi, yakaisha.

Ya shambani yanataka mtaro wa kukinga, uchimbwe juu ya njia, ukate mteremko. Udongo utupe upande wa chini uwe tuta. Mtindo huu ndio unaoitwa "fanya chini". Katika ule wa "fanya juu", ulioenea sana Machakos, Kenya, udongo hurushwa upande wa juu. Mtaro usishuke sana, sentimita moja hivi kwa kila mita inatosha. Ukizidisha, maji yatakimbia na mtaro wenyewe utageuka korongo. Pima kwa kamba na kile kifaa cha fundi kiitwacho pima maji. Mlimani macho hudanganya mno. Kwenye tuta panda majani ya guatemala: yanashika udongo, na ng'ombe anakula.

Njia yenyewe ipe mgongo. Ikiwa na upana wa mita 3, katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 7 au 8. Mitaro ya pembeni usiiache ibebe maji kutoka juu hadi chini; yachepushe kila baada ya mita 20 au 30, na karibu zaidi penye mteremko mkali, yaingie kwenye migomba. Pale yanapotokea, panga mawe. Na tafadhali, usimwelekezee jirani. Kama hapana pengine pa kuyapitisha, kaeni muongee kabla hujashika jembe.

Penye kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia, usibane matumizi. Bomba jembamba huzibwa na majani na tope mvua ya kwanza tu. La kipenyo cha sentimita 60 ni ghali lakini linasafishika. Juu yake ushindilie udongo usiopungua sentimita 30, la sivyo gari lenye mzigo litalipasua. Ikiwa linakaa ukingoni mwa barabara ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waombe kibali kwanza.

Hapo sasa ndipo uite lori. Chagua moramu yenye kokoto na udongo kiasi wa kuishikamanisha, imwage unene wa sentimita 10 hadi 15, nyunyizia maji, shindilia.

Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, zibua mitaro yote. Tope utakalolitoa lipandishe shambani, ni udongo wenye rutuba.